Umepangiwa nchi kwenye MUN? Anza na kura zake, mengine yatafuata

Majina yameshapelekwa, umepangiwa nchi kwenye igizo la Umoja wa Mataifa (MUN, yaani Model United Nations), kamati unayo, mada unayo, na mkutano uko wiki chache mbele. Wengi wakifika hapa wanaingia mtandaoni wanaandika jina la nchi afu wanaanza kukopi idadi ya watu, mji mkuu, pato la taifa, sijui bendera ina rangi ngapi, daftari linajaa, na siku ya siku hayo yote hayawasaidii kitu maana hakuna mtu kwenye kamati atakayekuuliza mji mkuu wako. Watakuuliza nchi yako iko upande gani na inataka nini. Na swali hilo lina jibu tayari, kwa sababu nchi unayoiwakilisha imeshapiga kura mara nyingi tu kwenye Umoja wa Mataifa wa kweli, na kura hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye bando.

Kwa wale ambao ndo mara ya kwanza, kwenye MUN unakaa kwenye kiti cha mjumbe wa nchi moja kati ya zile 193 na unaongea kama yeye. Sio mdahalo wa shule ule wa kutetea na kupinga. Unaweza ukapewa nchi ambayo msimamo wake unakukera kabisa, na bado kazi yako ni kuusimamia vizuri, maoni yako binafsi yaache nyumbani.

Sasa kura unazipata wapi. Umoja wa Mataifa una maktaba yake ya kidijitali, bure, na ndani yake kuna sehemu ya data za kura, unatafuta azimio unaona nchi gani ilisema ndiyo, gani hapana, gani ilijizuia. Jifunze kusoma namba za maazimio, ni rahisi: A/RES/73/151 maana yake A ni Baraza Kuu, RES ni azimio, 73 ni kikao cha 73, 151 ni namba ya azimio lenyewe. Ukiona S mwanzoni, kama S/RES/1325 (2000), hilo ni la Baraza la Usalama na mwaka umewekwa kwenye mabano. Ukishajua hivi huwezi kubabaishwa na mtu anayerusha namba za uongo kwenye kamati, na wapo wengi siku hizi, wanaiuliza AI inawatungia azimio ambalo halijawahi kuwepo wanalisoma mbele za watu kwa kujiamini kabisa. Namba usiyoiona kwenye maktaba kwa macho yako usiitaje.

Nikupe mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Tuseme mada ni wakimbizi. Tarehe 17 Desemba 2018 Baraza Kuu lilipigia kura Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi (ndo hilo 73/151), nchi 181 zikasema ndiyo, mbili zikasema hapana, ambazo ni Marekani na Hungaria, na tatu zikajizuia: Eritrea, Libya na Jamhuri ya Dominika. Ona hapo. Kama umepewa Hungaria na umejipanga kukaa na wenzako wa Umoja wa Ulaya kusifia makubaliano hayo, umeshapotea kabla hujafungua mdomo. Kambi za nchi zenye msimamo mmoja hazifuati ramani, zinafuata mada.

Au tuseme umepewa Bangladesh. Tangu Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 (jamii ya Waislamu walio wachache Myanmar) wamekimbia Myanmar wakaingia Bangladesh, wengi wako kwenye kambi za Cox's Bazar, kwa hiyo ni nchi yenye haki ya kuongea kwa sauti kwenye mada hii. Lakini Bangladesh haijajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 wala Itifaki yake ya 1967. Sasa mjumbe wa Bangladesh akisimama akasema "sisi tuliosaini Mkataba wa 1951 tunawajibika", kuna mtu atanyanyua kibao chake chenye jina la nchi taratibu na siku yako itakuwa imeisha hapo. Msimamo halisi wa Bangladesh ni kwamba wakimbizi warudi kwao kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na wakati wakisubiri hilo dunia ibebe mzigo pamoja nao. Hiyo sentensi moja ukiielewa vizuri inakupa kila kitu, spichi, majibu ya maswali, nani wa kukaa naye.

Ukitaka kusikia nchi inavyojieleza yenyewe tafuta hotuba ya kiongozi wake kwenye Mjadala Mkuu wa Septemba, ule wa New York ambapo kila nchi inapanda jukwaani. Soma za miaka miwili mitatu mfululizo uone nini kinarudiwa. Kinachorudiwa kila mwaka ndo wanachokijali kweli.

Kabla hujaanza kuandika chochote, jua kamati yako ina nguvu gani, maana hapa ndo panachekesha. Baraza Kuu na kamati zake sita zinapendekeza, zinahimiza, zinatoa wito, haziamrishi nchi. Halafu unakuta mtu yuko Kamati ya Tatu, ile ya masuala ya kijamii na kibinadamu, anaandika "tutapeleka majeshi" na "tutaiwekea vikwazo". Hayo ni ya Baraza la Usalama. Na kama uko Baraza la Usalama, hesabu zake ni hizi: wajumbe 15, azimio la maana linahitaji kura 9 za ndiyo na asiwepo hata mmoja kati ya wale watano wa kudumu (China, Marekani, Ufaransa, Uingereza, Urusi) aliyepiga hapana. Akijizuia hiyo sio kura ya turufu (veto), azimio linapita kama kura 9 zipo. Wengi hawalijui hili, wanaogopa nchi kubwa bure wakati wangeweza kumwomba mjumbe wake ajizuie tu.

Hati ya msimamo (position paper, maelezo ya nchi yako kuhusu mada) sitakaa nayo sana. Ukurasa mmoja kwa kawaida, tatizo ni nini, nchi yako imefanya nini, nchi yako inapendekeza nini. Kosa la kawaida ni kutumia robo tatu ya ukurasa kueleza tatizo ambalo kila mtu kwenye kamati analijua. Mwenyekiti anasoma hati nyingi mfululizo, anachotafuta ni sehemu ya tatu.

Hiyo sehemu ya tatu ndo roho ya maandalizi yote na hapa ndo nakuomba ukae muda mrefu zaidi. Usiende mkutanoni na mawazo kumi na tano, nenda na moja au mawili yaliyoiva, ambayo mtu akiyasoma anataka yawemo kwenye azimio lake. Angalia kipengele hiki:

"Inazihimiza nchi zote kuwasaidia watoto wakimbizi wapate elimu."

Nani atakipinga? Hakuna. Nani atakikumbuka? Hakuna pia. Sasa kiulize maswali ya kuudhi: nani hasa atafanya, atafanya nini Jumatatu asubuhi, hela zinatoka wapi, na je nchi yangu inaweza kweli kukikubali? Kwa Bangladesh hilo la mwisho ndo zito, kwa sababu serikali yake haitaki elimu ionekane kama njia ya wakimbizi kubaki moja kwa moja, na Januari 2020 ilikubali watoto wa kambini wafundishwe kwa mtaala wa Myanmar. Ukilijua hilo unaandika hivi:

"Inapendekeza nchi wafadhili, kupitia UNICEF na kwa michango ya hiari, zigharamie mafunzo ya walimu wanaotoka ndani ya jamii za wakimbizi wenyewe, watakaofundisha kwa mtaala wa nchi walikotoka, ili mtoto atakaporudi kwao aendelee na darasa lake;"

Umeona tofauti? Kina nani, kina vipi, kina hela, na kina msimamo wa nchi umejificha ndani yake (mtoto atakaporudi). Nchi tajiri haitishiki maana michango ni ya hiari, nchi inayopokea wakimbizi inafurahi, na wewe hujaisaliti nchi yako. Kipengele kama hicho unaweza kukishika mkononi siku mbili nzima watu wakakufuata wewe.

Kuhusu umbo, azimio zima ni sentensi moja ndefu, mwenye sentensi ni baraza au kamati yenyewe. Juu vinakaa vipengele vya utangulizi, "ikikumbuka", "ikitambua", "ikisikitishwa na", kila kimoja kinaisha na mkato. Chini vinakaa vile vya utekelezaji vyenye namba, "inapendekeza", "inatoa wito", "inaomba", vinaisha na nukta mkato, na nukta moja tu mwisho kabisa.

Ila soma kitabu cha kanuni cha mkutano WAKO kwanza, tafadhali sana. Kuna mitindo tofauti. Mikutano inayofuata mtindo wa THIMUN, ule wa The Hague ulioanza 1968, inategemea uje na rasimu yako mkononi, wakati mingine mingi yenye mtindo wa Kimarekani ukikutwa na rasimu uliyoandika nyumbani unaondolewa kwenye tuzo. Huko unabeba wazo kichwani na unaliandika upya ukifika.

Spichi ya kwanza mara nyingi ni dakika moja, mahali pengine dakika na nusu. Dakika moja ni fupi kuliko unavyofikiri, usiimalize kwa kumshukuru mwenyekiti na wajumbe waheshimiwa na ulimwengu mzima. Anza na kitu chenye uzito, sema nchi inataka nini, sema kipengele chako kwa maneno ya kawaida, waite watu. Mfano: "Mheshimiwa Mwenyekiti, watu zaidi ya laki saba waliingia Bangladesh na wengi bado wako kambini. Bangladesh inaamini kwao ni Myanmar na inataka warudi kwa hiari na kwa usalama. Lakini mtoto aliyekaa kambini bila shule atarudi kufanya nini? Ujumbe wa Bangladesh unapendekeza walimu wakimbizi wafundishwe na walipwe, kwa mtaala wa kwao. Wajumbe wenye nia hiyo tukutane kwenye kokasi." Imeisha (kokasi ni muda wa majadiliano nje ya orodha ya kawaida ya wasemaji, nitaifikia hapo chini). Umeona hakuna "mimi" hapo, mikutano mingi haitaki, unasema "ujumbe wa Bangladesh". Isome kwa sauti ukiwa umesimama, simu ikihesabu muda, mpaka uweze kuisema huku unaangalia watu. Na uiseme mapema, jiandikishe kwenye orodha ya wasemaji siku ya kwanza, kadri unavyosubiri ndivyo woga unavyokua na ndivyo wengine wanavyokumalizia pointi zako.

Halafu kuna kokasi, na hapa ndo mkutano unaamuliwa kusema ukweli. Ile yenye mwenyekiti ni spichi fupi fupi za sekunde 30 au 45 kwenye kipengele kimoja cha mada, jiandae na pointi kama tano za hivyo kwenye kadi. Ile huria watu wanainuka kwenye viti, na ndani ya dakika mbili utaona watu wameizunguka laptopu moja wanapiga kelele wote kwa pamoja. Usiende kushindana kelele. Ama uwe wewe mwenye kuandika, maana anayeandika ndo anaamua maneno, ama uende kwa wale wajumbe wanne watano waliokaa pembeni hawajui waende wapi, waulize nchi zao zinataka nini, waonyeshe kipengele chako, waingize. Kura ya mjumbe mkimya ina uzito sawasawa na ya yule anayepayuka, na kwa kawaida hakuna aliyeenda kumwomba.

Nyumbani andika kabla vitu vitatu: nini nchi yako haiwezi kuachia, nini ingependa, nini uko tayari kutoa ili upate hayo mawili ya juu. Rasimu mbili zikitakiwa kuunganishwa utakuwa unajua cha kuuza. Na ukiombwa kutia saini rasimu ya kambi nyingine usiogope, mtia saini anasema tu anataka ijadiliwe, sio kwamba anaiunga mkono. Mwandishi mwenza ndo anaiunga mkono, huyo akiipinga baadaye ataonekana kituko.

Marekebisho nayo yana aina mbili, yale ambayo waandishi wote wameyakubali yanaingia bila kura, na yale wasiyoyakubali yanapigiwa kura. Hoja za kanuni kariri tatu tu: husikii au unaumia na baridi, umeona utaratibu umevunjwa, una swali kuhusu utaratibu. Usizitumie kuonyesha kwamba unazijua.

Vya kubeba ni kalamu mbili tatu, karatasi za kupitisha vimemo, maji, na faili lenye kila kitu kimeprintiwa, maana mikutano mingine hairuhusu simu wala laptopu wakati kikao kinaendelea. Nguo rasmi, viatu ambavyo umeshavivaa kabla.

Mwisho kabisa, asubuhi mwenyekiti akiita majina ya nchi kuna majibu mawili, "nipo" na "nipo na nitapiga kura", na watu wanachagua la pili kwa sababu linasikika zito. Ukisema hilo la pili umejifunga, wakati wa kupigia kura azimio huruhusiwi tena kujizuia, ni ndiyo au hapana. Kama nchi yako kwenye mada hiyo ina historia ya kujizuia, jibu "nipo", kaa chini.