Chuo cha Udaktari wa Osteopathi Marekani: Uliza Kwanza Hospitali Ziko Wapi

Wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa kutoka Afrika Mashariki ni wengi katika hospitali na nyumba za wazee za Marekani, na miongoni mwao, au miongoni mwa watoto wao, hawakosekani wanaoomba nafasi ya kusomea udaktari. Barua ya kukubaliwa ikiwa imetoka chuo cha osteopathi, furaha ya nyumbani huja na maswali: je, huu ni udaktari kamili, au ni kazi ya kunyoosha viungo? Ni udaktari kamili. Mwenye shahada ya D.O., yaani ya udaktari wa osteopathi, huandika dawa, hufanya upasuaji na hupewa leseni katika majimbo yote 50 sawa na mwenye M.D., shahada ya kawaida ya udaktari, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo sasa wanasoma katika vyuo hivi, ambavyo idadi yake imepita 40.

Historia yake inafaa kujulikana kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya madaktari wazee bado hukunja uso wakisikia jina hilo. Andrew Taylor Still, daktari aliyepoteza imani na dawa za zama zake, alifungua chuo cha kwanza katika mji wa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Waliofuata walikataliwa kwa miongo mingi: jeshi halikuwapokea kama madaktari hadi mwaka 1966, na jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili, Mississippi, lilifanya hivyo mwaka 1973. Kirksville penyewe leo pana jamii ya Wakongo waliohamia, jambo ambalo mwanafunzi anayehofia upweke wa miji midogo angefaa kulijua.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema, kwa sababu mengi yanayofuata yanaelekea huko. Usichague chuo kwa majengo utakayosomea miaka miwili ya kwanza. Chagua kwa hospitali utakazotumwa miaka miwili ya mwisho.

Darasani na kwenye kitanda cha mazoezi

Miaka miwili ya kwanza ni ya mihadhara na maabara: anatomia kwa kupasua maiti, fiziolojia, biokemia, patholojia na famakolojia, vyuo vingi vikiyapanga masomo hayo kwa mifumo ya mwili, hivyo kwa wiki kadhaa hutasikia lolote ila moyo, kisha mapafu, kisha figo. Mihadhara mara nyingi hurekodiwa, na wanafunzi wengi huisikiliza nyumbani kwa kasi maradufu na kurudia kwa kadi za Anki, programu ya kukariri, na benki za maswali. Usidhani hata hivyo kwamba kila chuo kinaruhusu hilo, maana vipo vinavyochukua mahudhurio na kudai mavazi rasmi. Waliosoma sekondari za bweni huku kwetu wana faida ya kuzoea kukesha na kukariri. Wanachopaswa kuacha ni tabia ya kungoja mtihani ukaribie, kwa sababu hapa mtihani uko karibu daima, na somo lililokupita wiki hii halitapata nafasi wiki ijayo.

Kinachokitofautisha chuo hiki na vingine ni maabara ya tiba ya mikono, yaani kutibu mwili kwa kubonyeza na kusukuma kwa mikono, inayochukua takriban saa 200 za ziada, nyingi zikiwa katika miaka hii miwili. Wanafunzi hugawanywa wawili wawili, mmoja akiwa daktari na mwenzake akiwa mgonjwa, kisha hubadilishana. Chukua mfano wa shingo iliyokaza. Anayetibu hubonyeza kwa ncha ya kidole hadi aipate nukta inayouma, kisha hukiinamisha na kukizungusha kichwa cha mwenzake taratibu, kidole kikiwa palepale, hadi maumivu yakaribie kuisha. Hapo hushikilia kwa sekunde 90 bila kutikisika, ndipo akirudishe kichwa polepole, mgonjwa akiwa amejilegeza kabisa. Sekunde 90 ni ndefu kuliko zinavyosikika, hasa mkufunzi akiwa amesimama nyuma yako na karatasi ya alama. Mbinu nyingine humtaka mgonjwa ausukume mkono wa daktari kwa sekunde tatu hadi tano, apumzike, kisha arudie. Na ipo ile ya msukumo wa ghafla unaotoa mlio, ambayo wanafunzi huipenda kabla hawajajifunza ni wagonjwa gani hawaruhusiwi kufanyiwa. Aliyelelewa na bibi anayechua kwa mafuta ya nazi huenda akawa na mkono mwepesi kuliko wenzake, ila huo hautamtosha katika mtihani wa vitendo, ambako kila pingili ya uti wa mgongo hutajwa kwa namba yake na upande ilikoelekea.

Tiba hii, kwa maoni yangu, ina manufaa ya kweli kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Madai ya kuhisi mwendo wa mifupa ya fuvu kwa viganja yana ushahidi dhaifu, na wahadhiri wengi hukiri hivyo. Unatakiwa uyajue kwa ajili ya mtihani, na hakuna anayekulazimisha kuyaamini.

Kwa wasomaji wa pwani, na kwa Waislamu wa popote, lipo jambo linalohitaji kushughulikiwa kabla ya siku ya kwanza. Mavazi ya kawaida ya maabara hiyo ni kaptura na fulana inayoweza kupandishwa, kwa kuwa mgongo, mbavu na nyonga lazima vionekane na kuguswa, na mwenzako wa kitanda anaweza kuwa wa jinsia yoyote. Binti anayevaa hijabu asijitoe chuoni kwa sababu hiyo, wala asinyamaze akaumia moyoni muhula mzima. Aiandikie idara ya tiba ya mikono na ofisi ya wanafunzi mara tu anapothibitisha nafasi yake, aeleze anachohitaji kwa maneno ya wazi: mwenzi wa kike, pazia au kona ya chumba, nguo ndefu ya kubana badala ya kaptura. Maombi ya namna hii si mageni kwao, na yanapokewa vizuri zaidi yakifika Juni kuliko yakifika katikati ya somo. Aulize pia mtihani wa vitendo unavyopangwa, maana mpango wa darasani haufuati wenyewe hadi kwenye chumba cha mtihani.

Kuhusu maiti za anatomia nitasema machache tu. Ni miili ya watu waliojitolea kwa hiari yao wakiwa hai, na vyuo vingi hufanya hafla ya kuwashukuru mwishoni mwa mwaka, mara nyingine ndugu zao wakihudhuria. Waliokuwa na hofu kubwa huzoea mapema kuliko walivyotarajia.

Mitihani miwili badala ya mmoja

Mwanafunzi wa D.O. hufanya mitihani ya leseni iitwayo COMLEX, yenye ngazi tatu: ya kwanza mwishoni mwa mwaka wa pili, ya pili katika miaka ya hospitali, ya tatu baada ya kuhitimu. Wengi huongeza USMLE, mtihani wa wenzao wa M.D., kwa sababu baadhi ya hospitali zinazotoa mafunzo ya ubingwa huuelewa huo zaidi. Tangu mwaka 2022 hatua ya kwanza ya mitihani yote miwili hutolewa matokeo ya kufaulu au kushindwa tu, bila alama, hivyo uzito umehamia ngazi ya pili. Anayelenga tiba ya familia hana sababu kubwa ya kulipia na kuhangaikia mitihani miwili. Anayelenga upasuaji wa mifupa au magonjwa ya ngozi ajiandae kwa yote, na ajue kwamba milango hiyo bado ni myembamba kwa D.O. kuliko kwa M.D., hata baada ya mafunzo ya ubingwa ya pande zote mbili kuwekwa chini ya chombo kimoja cha ithibati mwaka 2020.

Miaka ya hospitali

Vyuo vingi vya osteopathi havina hospitali yake. Huingia mikataba na hospitali za wilaya na zahanati za madaktari binafsi, nyingine zikiwa mwendo wa saa kadhaa kutoka chuoni, nyingine katika jimbo jingine kabisa, na mwanafunzi huhama mwaka wa tatu kwenda alikopangiwa, wakati mwingine kwa kura. Anayeishi peke yake hubeba masanduku yake akaondoka. Mwenye mume au mke, watoto shuleni na mama mkwe aliyekuja kusaidia malezi, ana hesabu nyingine. Mwenzi akiwa muuguzi, na katika familia zetu mara nyingi ndivyo ilivyo, lazima aangalie kama jimbo jipya limo katika mkataba wa majimbo unaotambua leseni moja ya uuguzi, la sivyo atakaa miezi bila kazi akingoja leseni nyingine.

Siku ya usaili, ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza haya bila aibu. Je, mwanafunzi anahakikishiwa vituo vya masomo yote ya msingi, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, akili na tiba ya familia, au atatafuta mwenyewe daktari wa kumpokea? Je, hospitali hizo zina madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa? Nani analipia nyumba ukipelekwa mbali kwa mwezi mmoja? Kisha watafute wanafunzi wa mwaka wa nne uwaulize maswali hayohayo, na majibu yakitofautiana na ya chuo, waamini wanafunzi.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Hospitali yenye madaktari wa mafunzo hukufundisha kuandika taarifa za mgonjwa, kumwasilisha mbele ya jopo asubuhi, na kufanya kazi ndani ya timu, na hayo ndiyo utakayopimwa nayo baadaye. Sisemi zahanati ya daktari mmoja haifai. Mwanafunzi aliye peke yake na mpasuaji hushika mkasi mapema kuliko yule aliyesimama nyuma ya wenzake wanne. Miezi michache ya namna hiyo ni neema. Miaka miwili mizima ni pengo.

Gari ni la lazima, na kwa wanaokwenda Michigan, Ohio au Maine, gari linalowaka alfajiri ya theluji.

Sehemu kubwa ya tathmini ya miaka hii hutoka kwa daktari msimamizi, naye huandika alichokiona na kukisikia. Hapa malezi yetu hutuponza. Kijana aliyefundishwa kumwachia mkubwa aseme kwanza, asimkazie macho, na asijibu asipoulizwa, huandikwa kuwa hana hamu ya kujifunza. Heshima yako ibaki, lakini sema. Mwanzoni mwa wiki mwambie msimamizi unachotaka kujifunza kwake. Mgonjwa akijadiliwa, toa dhana yako ya ugonjwa hata kama huna uhakika. Na Ijumaa muulize ufanye nini vizuri zaidi. Kuhusu lafudhi, usijitese kuibadilisha. Punguza kasi, malizia maneno, na mwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake alichoelewa. Kiswahili chenyewe ni mali katika miji yenye wakimbizi wa Kongo na Burundi, ila kabla ya kukutumia, hospitali inaweza kukutaka uthibitishwe kama mkalimani, nawe usikubali kuchukua ridhaa ya upasuaji kwa lugha yoyote hadi hilo limefanyika.

Mwaka wa nne ni wa safari za kujionyesha: mwezi hapa, mwezi kule, katika hospitali unazotamani kufanyia ubingwa. Maombi hutumwa Septemba, usaili hufuata, kisha wewe na hospitali huorodheshana kwa siri, na kompyuta huwapatanisha. Majibu hutoka Machi katika siku iitwayo Match Day.

Fedha, karatasi na nyumbani

Ada ya vyuo binafsi mara nyingi huzidi dola 50,000 kwa mwaka kabla ya chakula na pango. Vyuo vya umma, kama vile vya Michigan State, Oklahoma State, West Virginia na kile cha Fort Worth, Texas, ni nafuu kwa wakazi wa majimbo hayo. Raia na mwenye green card hupata mikopo ya serikali kuu, lakini kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 kikomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, hivyo pengo linalobaki lipigiwe hesabu kabla ya kukubali nafasi. Mwenye visa ya mwanafunzi hapati mikopo hiyo kabisa. Vyuo vingi havimpokei, na vinavyompokea vinaweza kumtaka aonyeshe fedha benki. Ufadhili wa jeshi hulipa ada yote, kwa raia pekee, na hulipwa kwa miaka ya utumishi.

Aliyekwisha kuhitimu udaktari Muhimbili, Makerere au Nairobi asianze upya katika chuo hiki. Njia yake ni kuthibitisha shahada kupitia ECFMG, chombo kinachohakiki vyeti vya madaktari waliosoma nje ya Marekani, na kufanya USMLE. Mwenye shahada nyingine ya nyumbani ajue kwamba vyuo vingi hudai masomo ya awali ya sayansi yawe yamesomwa Marekani au Kanada, pamoja na MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, na vingi hupendelea barua ya daktari wa D.O. aliyemfuata kazini kumtazama akitibu.

Waambie ndugu mapema, na kwa hesabu, kwamba kwa miaka minne utakuwa unaishi kwa deni, na kwamba michango ya harusi na matanga itapungua. Wauguzi wengine huchukua zamu za wikendi. Nisingeshauri hilo kabla muhula wa kwanza haujaisha na alama kuonekana.

Anayefikiria kurudi kufanya kazi Afrika Mashariki aandikie baraza la madaktari la nchi yake kabla ya kujiandikisha. Uingereza, ambako mabaraza yetu yalirithi mengi, mwenye cheo cha osteopathi si daktari bali mtaalamu wa tiba ya mikono mwenye baraza lake, na ofisa anayejua hilo tu anaweza kulitupa faili lako kando. Ambatanisha mtaala wa chuo, eleza kwamba mhitimu hupata leseni kamili ya tiba na upasuaji, omba jibu la maandishi, na ulihifadhi pamoja na vyeti vyako.