Nyuki wa porini: anzieni kwenye ua la boga

Walimu wenzangu wa Moshi, kama bustani ya shule ina maboga, wapelekeni watoto huko saa moja asubuhi. Ua la boga hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya mchana, kwa hiyo msichelewe. Kila kundi lichague ua moja, likae kimya dakika kumi na kuhesabu nyuki wanaoingia. Watashangaa kwamba si wote ni nyuki wa asali. Wapo nyuki wadogo weusi wasio na mwiba, na yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu. Huyu mkubwa watoto humkimbia na kumpiga kwa kandambili, nami huniuma sana kuona hivyo, maana ndiye mchavushaji hodari wa pasheni. Akiachwa bila kushikwa, kwa kawaida hana shida na mtu.

Kisha watafute makazi. Nyuki wadogo hujenga kijibomba cha nta kwenye ufa wa ukuta au tundu la mti. Msikizibe! Gogo kavu lenye matundu, hasa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga), liacheni lilipo. Mnaweza pia kuwatengenezea nyuki makazi: fungeni pamoja matete makavu, upande mmoja wazi na mwingine umezibwa na kifundo, mkayaning'iniza chini ya paa mvua isipofika.

Mzinga wa nyuki wa asali ni jambo jingine kabisa: watoto wakae mbali, na asirushe mtu jiwe.

Dawa ya bustani, ikilazimu, ipigwe jioni maua yakishafunga.