Mafuta paka kwenye ncha, sio kichwani

Jamani wenye nywele za kipilipili, acheni kumwaga mafuta kwenye ngozi ya kichwa mkidhani ndo yanaotesha nywele. Kila tundu la unywele lina tezi yake ya mafuta pembeni, yanapanda na unywele mpaka juu ya ngozi, kazi yake kulainisha tu, kuotesha ni kazi ya shina huko chini linalolishwa na damu na spidi ni kama sentimita 1 kwa mwezi hata ujipake ndoo nzima. Shida unywele wetu umejisokota, yale mafuta hayafiki mwisho, ndo maana ukishika ncha zinakwaruza kama katani, unasema nywele hazikui kumbe zinakua ila zinakatikia huku.

So ukishaosha, zikiwa bado na majimaji, chukua mafuta kidogo ya nazi, paka kuanzia katikati kushuka kwenye ncha, suka mabutu ulale nayo. Mwenye mba ndo kabisa asipake kichwani, fangasi wa mba wanakula hayo hayo mafuta. Na rasta usikae nazo miezi bila kuosha ngozi, mafuta yanagandana na jasho na vumbi, unaanza kujikuna na kalamu kwenye daladala.