Namna ya Kuutazama Mchoro Ambao Haukumalizika

Mtu akionyeshwa mchoro ulioachwa njiani, kwa kawaida huuliza utamalizika lini. Swali hilo liwekwe kando, kwa kuwa humfanya mtazamaji atafute kisichokuwapo na kukipita kilicho mbele yake.

Ninao mmoja wa namna hiyo, niliopewa na kijana mchoraji wa Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi): mwanamume asiye na uso anasukuma baiskeli yenye gurudumu moja, iliyopakiwa magunia ya makaa, au makala kama tusemavyo hapa.

Anza na mstari. Sogea hadi uone chembe za penseli juu ya karatasi, kisha ufuate mstari mmoja tangu unapoanzia hadi unapoishia, ukiangalia mahali mkono ulipokandamiza na mahali ulipopita juu juu. Mgongo wa msukumaji wangu huanza kwa mstari mwembamba shingoni, hunenepa kiunoni, kisha hufifia kabla ya kisigino. Uzito wa mzigo umo katika unene ule, ingawa hakuna kivuli hata kimoja. Mazoezi mazuri ya jicho ni picha za Mwenze Kibwanga, wa karakana iliyofunguliwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, kwani hata katika kazi iliyokamilika mistari yake mifupi mifupi haikufichwa.

Tafuta pia mistari iliyokataliwa. Mguu wa mbele umechorwa mara tatu bila kufutwa, na miguu hiyo mitatu ikisomwa pamoja inakuwa hatua moja inayoendelea. Rangi ingekuja, ingeizika miwili.

Nafasi tupu inadai subira zaidi. Ifunike kwa kiganja, uone kinachoharibika: nikifunika pale ambapo gurudumu la mbele lingekuwa, magunia yanaonekana kuanguka, maana yake weupe ule ndio unaoyazuia. Lakini usisifu kila utupu. Kona ya chini ya mchoro wangu haisaidii chochote. Nadhani mchoraji aliitwa kula.

Giza na mwanga vinahitaji umbali wa hatua nne au tano, macho yakiwa yamefumbwa nusu. Leonardo da Vinci alipoiacha picha ya Mamajusi, aliyoagizwa mwaka 1481 na ambayo sasa iko Florence, aliacha mpangilio huo ukiwa wazi: watu wanachomoza kutoka katika kahawia nzito kabla ya rangi nyingine kuwafikia.

Mwisho, chukua penseli, unakili mstari mmoja kwa mwendo uleule. Mgongo ule nimeujaribu mara nyingi, na kila mara mkono wangu hukandamiza mapema mno, mabegani, hata msukumaji akaonekana amebeba mzigo kichwani.