Yoga nyumbani wakati wa baridi, Mbeya hadi Njombe

Siku ya Kimataifa ya Yoga huangukia 21 Juni, na huku nyanda za juu hiyo ni tarehe ya baridi kali, sakafu ya saruji inauma nyayo. Walimu wengi wa kwenye video hupasha mwili dakika mbili, kisha wanaingia kwenye mikunjo mikubwa. Ukiwafuata hivyo hivyo alfajiri ukiwa Uyole au Makambako, misuli ya nyuma ya mapaja itagoma na kiuno ndicho kitakachobeba mzigo. Juni hadi Agosti, afadhali ufanye jioni ukishatoka kazini, mwili bado una moto. Lazima iwe asubuhi? Basi fanya kabla ya chai, na dakika 10 za mwanzo ziwe za kupasha mwili tu.

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nawe hapo unavuta pumzi ndefu kuliko kawaida. Vaa sweta na soksi, ila soksi uzivue kabla ya kusimama kwa sababu zinateleza. Mkeka wa ukindu nao unateleza kwenye sakafu laini, na godoro linazamisha viganja. Mkeka wa mpira wa milimita 4 hadi 6 unafaa. Kama huna, simama pekupeku sakafuni, blanketi liwe la kupigia magoti na kulalia.

Anza kwa magoti na viganja. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na inua kifua. Ukiitoa, viringa mgongo kama paka. Mara 10, polepole.

Mkao unaosumbua wengi ni wa mbwa anayejinyoosha: mikono na miguu chini, makalio juu. Uanzie ukutani. Weka viganja usawa wa nyonga, rudi nyuma mpaka kiwiliwili kilale sawa na sakafu na miguu iwe wima. Sukuma ukuta, vuta makalio nyuma, pumzi 5. Mgongo ukipinda kama wa mtu anayepalilia viazi, kunja magoti: shida si mgongo, ni mapaja yaliyokaza. Baada ya wiki mbili hivi shuka sakafuni. Tandaza vidole, kandamiza shina la kidole gumba na la shahada. Hapo tazama kiganja chako: shina la shahada likiwa limenyanyuka hata kidogo, uzito umekimbilia upande wa nje wa kifundo cha mkono, nacho kitauma. Visigino si lazima viguse chini.

Kulegeza mapaja, lala chali, pitisha kanga kwenye unyayo, nyoosha mguu juu huku mwingine umekunjwa. Pumzi 8 kila upande. Mvuto usikike katikati ya paja. Ukiusikia nyuma ya goti au kwenye mfupa wa kalio, legeza kanga.

Mwenye presha ya damu au ya macho, na mjamzito, amuulize daktari kwanza, na asiinamishe kichwa chini ya moyo. Maumivu makali ya kiungo au ganzi ni amri ya kuacha, mwalimu awepo asiwepo.

Ukimpata mwalimu hata mara moja kwa mwezi, mwombe akukague mkao huo wa mbwa na jinsi unavyoinama, maana hapo ndipo makosa hujificha. Usipompata, weka simu kwenye kigoda ujirekodi kwa ubavu. Video ya kufuata ipakue mapema, bando lisikukatie njiani, uitazame yote kwanza, kisha ufanye kwa kusikiliza tu. Kugeuza shingo kutafuta kioo cha simu wakati umeinama kunaweza kuitegua.

Mwisho, rudisha sweta na soksi kabla hujalala chali, jifunike blanketi, tulia dakika 5 hadi 7. Jasho hupoa upesi huku. Kuinuka, geukia ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono.