Mtihani wa kila mwaka wa mafunzo ya ubingwa Marekani: ubukue au uache?

Soma, lakini lenga bodi, yaani mtihani wa kuthibitishwa kuwa bingwa. Anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani Marekani hukutana na IM-ITE, mtihani wa kila mwaka wa mafunzo yake, kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba: maswali ya kuchagua yapatayo 300, yasiyomfaulisha mtu wala kumfelisha. Kazi yake ni kukuonya mapema kama mtihani wa bodi, ABIM, utakusumbua Agosti baada ya kuhitimu. Ukibukua wiki mbili za mwisho, alama zinapanda na udhaifu unabaki palepale, umefichwa tu.

Wapasuaji wana hesabu nyingine. ABSITE, mtihani wao wa kila mwaka, wa mwishoni mwa Januari, nao ulikusudiwa kupima maendeleo, ila wanaochagua watu wa kwenda ubingwa wa juu, mathalani upasuaji wa watoto, huzitazama alama zake. Mwenye nia hiyo ausomee hasa, kuanzia Septemba.

Kwa magonjwa ya ndani, mwaka wa kwanza usijisumbue. Mafunzo huanza karibu na Julai mosi, na mtihani unakukuta bado unazoea kompyuta za wodini. Ufanye bila maandalizi. Alama hizo ndizo utakazopimia mwaka unaofuata.

Mwaka wa pili ndio wa kazi. Anza Juni. Fanya maswali 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ukichanganya mada: dakika 15 za kujibu, 30 za kusoma maelezo, hata ya maswali uliyopata. Kwa wiki 12 utakuwa umefanya 600. Wiki ya zamu za usiku punguza hadi 5; ukijilazimisha, utasoma maelezo bila kuelewa kisha uache kabisa. Kila kosa liandike kwa mstari mmoja pamoja na sababu yake: hukujua, hukusoma swali vizuri, au ulichanganya vitu viwili. Sababu ya pili haitibiwi kwa kusoma zaidi. Anza kwa kusoma sentensi ya mwisho ya swali, ndipo urudi kwenye historia ya mgonjwa. Maswali uliyokosa yarudie baada ya siku 7, kisha baada ya 30.

Waliosomea udaktari Afrika Mashariki mara nyingi huwa imara kwenye kifua kikuu na malaria, wakapoteza alama kwenye uchunguzi wa watu wasio na dalili. Ukariri umri: saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 45, ya mapafu miaka 50 hadi 80, kwa aliyevuta angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20 na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Takwimu nazo ni alama za bei rahisi. Dawa ikishusha vifo kutoka asilimia 10 hadi 6, tofauti ni 4. Gawa 100 kwa 4, upate wagonjwa 25 wa kutibiwa ili mmoja aokoke.

Ratiba ikianza kupangwa, omba usiwekwe zamu usiku wa kuamkia mtihani. Ukiomba wiki moja kabla, hakuna wa kubadilishana nawe. Na maswali yanayozungushwa na waliotangulia usiyaguse: ni kuvunja kanuni za mtihani, tena yanakupa alama ya uongo.

Majibu yakitoka, wengi huisoma namba vibaya. Persentaili 30 maana yake umewapita asilimia 30 ya wenzako wa mwaka wako nchini. Haisemi umepata maswali mangapi. Ukiwa chini ya hapo mwaka wa pili, mfuate mkurugenzi wa mafunzo mwezi huohuo. Kisha ifungue orodha ya malengo uliyokosa, yaani mambo yaliyopimwa na maswali uliyokosea, ambayo wengi hawaisomi ingawa ndiyo yenye thamani kuliko namba yenyewe. Yapange kwa idara utakazozungukia: ya figo uyamalize ukiwa wodi ya figo, ya moyo ukiwa kwenye moyo, mawili au matatu kwa wiki.