Salvia fupi isiyojali kiangazi, ninavyoipanda hapa Njiro, Arusha

Niseme ukweli, miche yangu mitatu ya kwanza ya salvia, hili ua la bustani, niliiua mwenyewe na wala sio kwa kiu. Niliipanda mwezi wa nne, masika imekolea, nikamwaga samadi ndoo nzima kama napanda migomba. Wiki mbili tu majani ya chini njano, shina limekuwa jeusi pale linapoingia kwenye udongo, ukivuta mche unakuja wote bila ubishi. Kwahiyo adui wa hii kitu ni maji na mbolea, mengine madogo.

Ninayoongelea ni salvia ile ya kichaka, kwa jina la kitaalamu Salvia greggii na ndugu yake Salvia microphylla, asili yao Meksiko, greggii inafika mpaka Texas, huko kwenye mawe na ukame. Urefu magotini hivi, ukiiachia inafika kiunoni. Shina changa lina pembe nne kama mnanaa, maana ni ukoo mmoja. Hata rozmari tunayowekea nyama, mwaka 2017 wataalamu waliihamishia kwenye kundi la salvia.

Hatua ya 1: sehemu. Jua la kutosha, masaa sita au zaidi. Chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, nenda kanywe chai, ukirudi baada ya lisaa bado yametuama ujue hapo hapafai. Kwangu udongo ni mweusi wa kunata, ikabidi nipandishe tuta kama la viazi, nikachanganya na changarawe karibu nusu kwa nusu. Samadi kiganja kimoja, iliyooza vizuri, basi. Ukiishibisha inarefuka majani tu na kulala chini.

Hatua ya 2: panda mwisho wa mwezi wa tano, mvua zinaaga lakini udongo bado una unyevu. Mche hadi mche sentimita 50. Usiuzamishe zaidi ya ulivyokuwa kwenye kiriba, na usiweke njiani watoto wanapochezea mpira, matawi yake yanakatika kirahisi sana.

Hatua ya 3: maji. Wiki mbili za mwanzo mwagilia kila baada ya siku mbili, alafu mara moja kwa wiki, ikishakamata vizuri mi nampa kopo la lita tano kila wiki mbili kiangazi chote, nalimwaga taratibu shinani, sio kurashiarashia majani. Mgao wa maji ukibana nikapitiliza, inapukutisha majani kidogo inangoja. Juu ya udongo weka kokoto badala ya nyasi, nyasi zikigusa shina zinashika unyevu.

Hatua ya 4, hapa wengi wanaogopa: kata. Maua yakipungua punguza theluthi moja ya kila tawi, ila kata sehemu yenye majani, ukiingia kwenye ule mti mkavu usio na jani saa ingine hautoi tena. Usipokata baada ya mwaka unabaki na fagio la chelewa. Vidukari wakija, maji ya sabuni ya kipande yanatosha.

Vile vichwa laini ulivyokata usitupe! Chukua kisicho na ua, urefu wa kidole, kata chini tu ya kifundo, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Wiki tatu au nne ukivuta kidogo kinakushikilia, hicho tayari.

Asubuhi wanakuja chozi, vile vindege vya mdomo uliopinda, na nyuki hawaishi. Mi ninayo aina inayoitwa Hot Lips, maua yake nyekundu na nyeupe kama jezi ya Simba, joto likizidi inatoa nyekundu tupu. Jirani yangu Yanga damu nimempa miche miwili bure kaikataa, anasubiri ya njano. Ipo kweli, sema vitalu vya huku sijaikuta bado.